Kandambili si fotoni: maabara inapimaje mfungamano wa kwanta

Mfano unaopendwa kuliko yote wa kueleza mfungamano wa kwanta ni wa viatu. Unachukua pea ya kandambili, moja unaiweka kwenye kifurushi cha Mombasa na nyingine kwenye kifurushi cha Mwanza, bila kuangalia ipi imeingia wapi. Wa Mombasa akifungua na kukuta ya kushoto, papo hapo anajua kwamba ya Mwanza ni ya kulia. Basi, msimuliaji humalizia, huo ndio mfungamano wa kwanta.

Sio. Huo ni mzigo uliopakiwa jozi. Kandambili ya Mombasa ilikuwa ya kushoto tangu kifurushi kilipofungwa, na aliyefungua amegundua tu kilichokuwemo. Kama fotoni, yaani punje za mwanga, zingekuwa hivyo, Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger wasingepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022, maana kusingekuwa na cha kupima. Jaribio lao, linalorudiwa leo na wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye meza moja ya maabara, lilibuniwa ili kuujaribu huo mfano wa kandambili na kuona kama unasimama. Hausimami.

Tangu tuzo ile, na zaidi tangu Umoja wa Mataifa uutangaze mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, neno "kwanta", yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa kama fotoni, limezagaa hadi kwenye matangazo ya mashine za kupima afya. Ni vema tuanze na maana.

Maneno matatu

Fotoni ni punje ya mwanga, kiasi kidogo kabisa kinachoweza kutolewa au kupokewa. Ni ndogo mno: leza ya zambarau yenye nguvu ya miliwati 50 humwaga fotoni zipatazo 100,000,000,000,000,000 kwa sekunde.

Neno la pili ni mwelekeo wa mtetemo. Mwanga hutetemeka kukingama na njia yake: wima, mlalo au mshazari. Hili unaweza kuliona nyumbani. Chukua miwani ya jua ile inayopunguza mng'ao wa maji na lami, angalia kikokotoo cha shule kupitia kioo chake kimoja, kisha izungushe miwani polepole. Tarakimu zitafifia hadi kioo chote kiwe cheusi, halafu zirudi. Mwanga unaotoka kwenye kikokotoo unatetemeka upande mmoja tu, na miwani ni chujio linalopitisha upande mmoja tu. Vikilingana, mwanga hupita. Vikikingamana kwa nyuzi 90, hauna pa kupita.

Katikati ya hapo ndipo penye utamu. Chujio likiinama nyuzi 45 kutoka mwelekeo wa mwanga, nusu ya mwanga hupita. Likiinama nyuzi 22.5, hupita asilimia 85.4. Lakini fotoni moja haigawanyiki. Haiwezi kupita kwa asilimia 85. Ama inapita nzima, ama inazuiwa nzima, na asilimia zile zinageuka kuwa uwezekano.

La tatu ni mfungamano wenyewe. Fotoni mbili zimefungamana pale ambapo hali ya jozi inajulikana kikamilifu, ilhali hakuna hata moja kati yake yenye hali yake peke yake. Tunajua kwamba zikiulizwa swali moja zitatoa jibu moja, lakini hakuna jibu lililoandikwa kwa yeyote kati yake kabla ya kuulizwa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyomkera Albert Einstein. Mwaka 1935, yeye na Boris Podolsky na Nathan Rosen walihoji kwamba nadharia isiyotaja majibu hayo haijakamilika. Kwa maneno yetu: kandambili ni ya kushoto, ila fizikia yenu haijajua kuisoma.

Kwa miaka 29 ubishi huo ulionekana kuwa wa falsafa. Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast, alionyesha kwamba unaweza kuamuliwa kwa kuhesabu. (Naye alikuwa na mfano wake wa mavazi: soksi za mwenzake Reinhold Bertlmann, ambaye kila siku alivaa rangi mbili tofauti. Alizitumia kueleza kile ambacho mfungamano sicho.)

Mchezo wa kadi mbili

Asha yuko Mombasa, Juma yuko Mwanza. Kila mmoja anapewa kadi, nyekundu au ya kijani, kwa kurusha shilingi, na lazima ajibu papo hapo "ndiyo" au "hapana". Hakuna simu. Kanuni ni hii: majibu yao yafanane, isipokuwa wote wawili wakipata kijani, hapo yatofautiane. Usiku uliotangulia wanaruhusiwa kupanga mkakati wowote wanaoutaka.

Mkakati wowote, hata uwe wa hila namna gani, mwishowe ni karatasi yenye majibu manne: la Asha kwa nyekundu, la Asha kwa kijani, la Juma kwa nyekundu, la Juma kwa kijani. Sasa jaribu kuijaza. Nyekundu ya Asha ifanane na nyekundu ya Juma. Nyekundu ya Asha ifanane na kijani ya Juma. Kijani ya Asha ifanane na nyekundu ya Juma. Ukishatimiza hayo matatu, majibu yote manne yamekuwa sawa, na kijani ya Asha inafanana na kijani ya Juma utake usitake. Sharti la nne limevunjika. Ukilirekebisha hilo, unavunja jingine. Kwa hiyo watashinda mara 3 kati ya 4, asilimia 75, na hakuna karatasi itakayowavusha hapo. Kubadilisha karatasi kila raundi hakusaidii, kwa kuwa kila karatasi ina dosari hiyohiyo.

Wape sasa fotoni zilizofungamana badala ya karatasi. Asha akipata kijani anaweka chujio lake nyuzi 0, akipata nyekundu analiweka nyuzi 45. Juma akipata nyekundu anaweka nyuzi 22.5, akipata kijani anaweka 67.5. Fotoni ikipita, jibu ni ndiyo. Ikizuiwa, hapana. Hesabu tofauti ya pembe: katika hali tatu za kwanza ni nyuzi 22.5 kila mara, na uwezekano wa kufanana ni ule ule wa chujio, asilimia 85.4. Kijani kwa kijani tofauti ni nyuzi 67.5, na hapo uwezekano wa kutofautiana nao ni asilimia 85.4. Wanashinda mara nyingi kuliko karatasi yoyote inavyoruhusu.

Jaribio zima ni pengo hilo kati ya 75 na 85.4. Maabara huliandika kwa namba iitwayo S, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1969 na John Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt. Asilimia 75 ni S ya 2. Asilimia 85.4 ni S ya 2.83, na kwanta haivuki hapo. Ukipata S inayozidi 2 kwa uhakika, karatasi imekufa.

Meza yenyewe

Kinachohitajika kwanza ni leza ya nanomita 405, zambarau ile inayotumika kwenye diski za Blu-ray. Miwani ya kinga ya rangi hiyo ni lazima, na saa na pete huvuliwa, kwani mwale ukigonga chuma kinachong'aa unaweza kuishia jichoni. Mwale hupita kwenye bamba linaloitwa la nusu-wimbi, likizungushwa nyuzi 22.5 ili mtetemo wa leza ugeuke kuwa mshazari wa nyuzi 45.

Halafu unafika kwenye moyo wa jaribio: fuwele mbili za barium borati, kila moja yenye unene wa nusu milimita, zimegandamizwa pamoja, moja ikiwa imegeuzwa nyuzi 90 kwa nyingine. Mara chache sana, kwa makadirio chini ya fotoni moja katika mabilioni, fotoni ya zambarau hupasuka ndani ya fuwele na kuzaa fotoni mbili za nanomita 810, kila moja yenye nusu ya nishati. Fuwele ya kwanza hupasua zile za wima na kuzaa jozi ya mlalo. Ya pili hupasua zile za mlalo na kuzaa jozi ya wima. Leza yetu ni ya mshazari, kwa hiyo kila fotoni ina nafasi sawa kwa fuwele zote mbili.

Sasa shika neno hili, kwa sababu nusu ya makosa ya maabara yanatoka hapa. Mfungamano hauji kwa sababu jozi zinatoka mbilimbili. Unakuja kwa sababu hakuna chochote, popote, kinachoonyesha jozi ilizaliwa fuwele ipi. Kukiwa na alama yoyote, hata kama hakuna mtu anayeisoma, kwa mfano jozi za fuwele moja kuchelewa kidogo au kutokea upande kidogo, mfungamano unageuka kuwa kandambili: jozi za mlalo zikichanganywa na jozi za wima. Ndiyo maana fuwele huwa nyembamba, na ndiyo maana mbele yake huwekwa kipande cha kwatzi. Kipande hicho, kikiinamishwa kidogokidogo, hufidia ucheleweshaji na kulinganisha awamu (hatua ambayo mtetemo umefikia) za njia mbili.

Jozi hutoka zikiwa zimeachana, kila fotoni nyuzi 3 hivi kutoka mstari wa leza. Kwa umbali wa mita 1 hiyo ni sentimita 5.2 kila upande. Hapo kila upande huwa na chujio la mwelekeo linalozungushwa, chujio la rangi linalopitisha nanomita 810 na jirani zake tu, lenzi, faiba (uzi mwembamba wa kupitishia mwanga) na kigunduzi cha fotoni mojamoja. Zambarau iliyobaki humezwa na kizuizi cheusi. Vigunduzi vya silikoni hukamata takriban nusu ya fotoni za rangi hiyo zinazovifikia, na ndiyo vifaa ghali kuliko vyote mezani. Pia ni vepesi kuumia: kuwasha taa ya chumba vikiwa na umeme na bila kifuniko kunaweza kuviua.

Mwisho kuna saketi ya kuhesabu sanjari. Hii huhesabu tu pale vigunduzi vyote viwili vinapobisha hodi ndani ya muda mmoja mfupi, tuseme nanosekunde 10. Fotoni pekee yake haina habari kwetu.

Kulenga ndiko kunakokula siku

Mwanga wa nanomita 810 jicho halioni vizuri, na huu ni hafifu kiasi kwamba hata kamera ya kawaida haitasaidia. Huwezi kulenga kwa macho. Njia inayofanya kazi ni ya kinyumenyume: chomoa faiba kwenye kigunduzi, ingiza humo leza ndogo nyekundu, iache itokee kwenye lenzi na kurudi kuelekea fuwele. Rekebisha hadi doa jekundu likae pale pale mwale wa zambarau unapopiga. Kisha rudisha faiba, zima taa, na uhakikishe hata kitaa kidogo cha kijani kwenye kompyuta kimezibwa kwa utepe mweusi.

Lenga mkono mmoja, yaani njia ya fotoni ya upande mmoja, kwa kutafuta hesabu kubwa ya kigunduzi chake peke yake. Mkono wa pili usiulenge hivyo. Ulenge kwa kutafuta sanjari, kwa sababu fotoni nyingi zinazofika huko si mapacha wa zile za mkono wa kwanza.

Baada ya hapo sawazisha fuwele. Weka machujio yote mawili mlalo, hesabu sanjari. Yaweke yote wima, hesabu. Zikitofautiana, gusa bamba la nusu-wimbi hadi zilingane. Na hapa wengi hushangilia mapema: mlalo na mlalo hesabu kubwa, wima na wima hesabu kubwa, mlalo na wima karibu sifuri. "Zimefungamana!" Hapana. Kandambili nazo zingetoa matokeo hayohayo. Weka machujio yote nyuzi 45, halafu moja nyuzi 45 na jingine 135. Ikiwa hesabu ya kwanza ni kubwa na ya pili ni ndogo, hapo umefika. Zikilingana, una mchanganyiko usio na mfungamano, na ni kwatzi inayohitaji kuguswa.

Hesabu kumi na sita

Kila swali la mchezo, yaani kila jozi ya kadi, linahitaji hesabu nne, kwani chujio linaloonyesha tu fotoni iliyopita lazima lizungushwe nyuzi 90 ili kuhesabu zile zilizozuiwa. Maswali manne, hesabu 16. Tuseme kwa pembe 0 na 22.5, kwa sekunde 10 kila moja, tumepata:

0 na 22.5: 820
90 na 112.5: 800
0 na 112.5: 150
90 na 22.5: 170

Zilizofanana ni 1,620, zilizotofautiana 320, jumla 1,940. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawanya kwa jumla: 0.67. Rudia kwa pembe nyingine tatu. Tuseme umepata −0.66 kwa kijani na kijani, halafu 0.62 na 0.61. Ile ya kijani hugeuzwa alama, kwa sababu huko tulitaka tofauti, na zote zinajumlishwa: S ni 2.56. Kosa la kubahatisha kwa hesabu za ukubwa huu ni kama 0.03 hadi 0.04, hivyo tumevuka 2 kwa zaidi ya mara 14 ya kosa hilo. Kwa lugha ya mchezo, Asha na Juma wameshinda asilimia 82.

Tazama mbili za mwisho zilivyo ndogo. Ni zile ambazo Asha alitumia nyuzi 45, pembe inayotegemea awamu. Ukipoteza mfungamano wote kwenye meza hii, mbili za kwanza hubaki zilivyo na mbili za mwisho huporomoka hadi sifuri, na S inaangukia 1.33, au 1.41 kwa meza isiyo na dosari. Ndiyo namba ya kandambili.

Yanayoharibika

Ukiwa na hesabu nzuri kila upande lakini sanjari hakuna, pima nyaya kabla ya kugusa lenzi. Ishara husafiri kama sentimita 20 kwa nanosekunde kwenye waya wa kawaida wa maabara. Waya mmoja ukizidi mwenzake kwa mita 2, mapacha watafika wamepishana nanosekunde 10 na saketi itawakana.

Sanjari za bahati ni adui mwingine. Idadi yake ni hesabu ya kigunduzi kimoja mara ya kingine mara muda wa sanjari. Vigunduzi vikihesabu 10,000 kwa sekunde kila kimoja na muda ukiwa nanosekunde 10, bahati inakupa 1 kwa sekunde, jambo la kuvumilika. Mwanga wa korido ukipenya chini ya mlango na kupandisha hesabu hadi 200,000, bahati inapanda hadi 400 kwa sekunde na kuzifunika jozi zako zote.

Halafu kuna chujio lisilo na nyuso sambamba. Linapozungushwa huusukuma mwale pembeni, ukakosa mdomo wa faiba, nawe ukadhani ni fizikia. Dalili yake ni rahisi: hesabu ya kigunduzi kimoja peke yake haitakiwi kupanda wala kushuka unapozungusha chujio lake. Ikiyumba, lenga upya.

Mianya

Meza hii ina imani mbili zilizofichika. Machujio huwekwa muda mrefu kabla fotoni hazijazaliwa, kwa hiyo mkaidi anaweza kudai pande mbili "ziliambiana". Na nusu ya fotoni hazikamatwi, kwa hiyo mkaidi huyohuyo anaweza kudai zilizokamatwa zilijichagua.

Mwanya wa kwanza Aspect na wenzake waliushambulia Orsay, Ufaransa, mwaka 1982, kwa kubadili mwelekeo wa kupimia wakati fotoni zikiwa safarini. Mwaka 1998 kundi la Zeilinger lilitenganisha pande kwa mita 400 huko Innsbruck. Mianya yote miwili kwa pamoja ilizibwa mwaka 2015: Delft kwa elektroni zilizo ndani ya almasi umbali wa kilomita 1.3, halafu Vienna na Boulder kwa fotoni, zikitumia vigunduzi vinavyokamata sehemu kubwa zaidi ya fotoni. Jibu lilikuwa lilelile. Jaribio la mezani huazima uhakika huo. Peke yake halizibi kitu, na mwalimu mwaminifu huwaambia wanafunzi hivyo.

Uvumi

"Basi tutatuma ujumbe kwa kasi kuliko mwanga." Rudi kwenye chujio bovu hapo juu. Asha akizungusha lake apendavyo, kigunduzi cha Juma kinaendelea kuhesabu vilevile, nusu ndiyo na nusu hapana, kama shilingi inayorushwa. Ulinganifu unaonekana tu pale orodha mbili zinapowekwa pamoja, na orodha husafiri kwa njia za kawaida.

"Fotoni zinawasiliana." Jaribio halisemi hivyo. Linasema huwezi kushikilia kwa pamoja kwamba majibu yaliandikwa mapema na kwamba hakuna athari inayokwenda kasi kuliko mwanga. Lipi uliachie, wanafizikia wenyewe hawajaafikiana.

Na zile mashine za "kwanta" zinazodai kusoma figo, ini na mifupa kwa dakika moja, mgonjwa akiwa ameshika kijiti cha chuma? Mfungamano wa fotoni mbili juu ya meza unafunikwa na mwanga wa chini ya mlango, na kuuona kunadai fuwele, machujio, vigunduzi viwili na saketi ya sanjari. Kijiti cha chuma kina waya mmoja.